Wafanyakazi wakikishika kiwanda, wazalishe nini?

Kiwanda cha kukamua mbegu za pamba kikifungwa huku Mwanza, mishahara haijalipwa na mashine zimebaki ndani, watu hubishana kama wafanyakazi wana haki ya kukishika. Swali zito zaidi ni hili: wakikishika, wazalishe nini, na wamuuzie nani?

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea na kazi, wakiegemea Mwongozo wa 1971, waraka wa chama tawala TANU uliotetea wafanyakazi dhidi ya unyanyasaji wa viongozi. Serikali ikawaachia. Wengine waliojaribu mwaka huohuo walikamatwa.

Wanaopinga wana hoja. Mali iliyo mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyofilisika, haiingiliwi hivihivi, benki inashikilia hati, na deni la umeme halifutiki kwa kubadili walioshika funguo. Lakini tazama anachoambulia mfanyakazi: kwa sheria ya ajira ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Aliyetumikia miaka 20 anaondoka na siku 70. Huo ni uonevu, hata kama umeandikwa kisheria.

Wafanyakazi wa kiwanda cha Vio.Me, Thessaloniki, Ugiriki, walipoanza kuzalisha wenyewe mwaka 2013, hawakung'ang'ania gundi ya vigae waliyoizoea. Ujenzi ulikuwa umedorora, wakahamia sabuni. Kwa Mwanza sabuni inafaa zaidi, maana mafuta yanatoka hapahapa. Kuyasafisha mafuta ya pamba yafae kuliwa ni kazi ya mtambo mwingine, kwa sababu yakiwa ghafi yana gosipoli, ambayo ni sumu. Kwa sabuni ya kufulia, weusi wake unavumilika.

Kwa kilo 60 za mafuta ya pamba na 40 za mawese, weka magadi moto (kostiki soda) kilo 13.2 yaliyoyeyushwa katika lita 30 za maji. Magadi ndiyo yamiminwe kwenye maji. Ukigeuza, yanachemka ghafla na kurukia macho. Usitumie sufuria ya alumini: magadi huila na kutoa gesi inayowaka. Mawese yapo kwa sababu mafuta ya pamba peke yake hutoa mche laini unaoyeyuka upesi. Miche ikatwe baada ya siku moja au mbili, kisha ikauke wiki 4 hadi 6. Mfuko wa magadi ulioachwa wazi hunyonya unyevu, kipimo kinadanganya, na sabuni inabaki na mafuta juu.

Hizo wiki za kukausha ndizo zinazoua vikundi vingi. Pesa imelala kwenye rafu na mishahara inasubiri. Isitoshe, pamba ni ya msimu: mbegu lazima inunuliwe nyingi kwa mkupuo, na ikihifadhiwa na unyevu inapata joto, mafuta yanachacha. Mchanga ndani ya mbegu nao unakula skrubu ya mashine ya kukamua. Bila mtaji wa msimu mzima, hata umoja imara utavunjika.

Viwanda vya minofu ya sangara ni habari nyingine. Soko lake liko nje, na marufuku za Ulaya za 1997 hadi 1999 zilionyesha jinsi mlango huo unavyofungwa. Huko tungeanza na mtambo wa barafu tu, kwa wavuvi wa mialoni.

Kwa hiyo tunaunga mkono wafanyakazi kuendesha kiwanda, ila waanze na ushirika uliosajiliwa na mkataba wa kupanga kutoka kwa mfilisi, angalau kwa msimu mmoja, ukitaja bayana nani anabeba deni la zamani la umeme. Na kabla ya kusaini, mafundi wao waifungue mashine ya kukamua na kupima skrubu; ikiwa imelika, bei ya skrubu mpya ikatwe kwenye kodi ya pango.