Mwalimu wa sekondari anayeandika riwaya: darasa linambeba au linammaliza?

Ukikaa na waandishi wanaofundisha sekondari utawasikia wakilalamikia muda, muda hautoshi, ningepata muda ningeshamaliza mswada zamani. Mi naona muda ni sehemu ndogo tu ya ishu hii. Mwalimu ana likizo ambazo watu wengi wa ofisini hawana, na jioni akishatoka shule bado kuna saa kadhaa za kuandika, kinadharia. Shida ni kwamba kufundisha, hasa kama unafundisha lugha na fasihi, kunakula kitu kile kile ambacho riwaya inakitaka kutoka kwako, na papo hapo kunakupa vitu ambavyo mwandishi anayeshinda nyumbani hapati hata akivitafuta. Kwa hiyo huu ubishi wa aache kazi au asiache hauwezi kuisha kwa jibu la haraka.

Hela kwanza, manake bila hela hakuna mjadala. Mrahaba, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi unazunguka kwenye asilimia 10 ya bei ya kitabu, na unakuja baada ya kitabu kuuzwa, yaani ile miaka miwili mitatu ya kuandika hakuna anayekulipa. Mshahara wa ualimu unaziba hilo pengo, na kuna faida nyingine ndani yake ambayo watu hawaisemi vya kutosha: unalinda ubora wa kazi. Mwandishi ambaye kodi ya nyumba inamsubiri atapeleka mswada haujaiva, atakubali mkataba mbovu, atabadilisha mwisho wa hadithi kwa sababu mchapishaji kasema hivi unauzika zaidi. Mwenye mshahara anaweza kuikalia sura moja mpaka ikae sawa na hakuna wa kumsukuma.

Wanaotetea kubaki kazini huwa wanamtaja mwandishi William Golding, na wana haki. Alikuwa mwalimu kwenye shule ya wavulana pale Salisbury, Uingereza, na mswada wa riwaya yake Lord of the Flies aliuandika kwenye madaftari ya shule. Ulikataliwa na wachapishaji wengi kabla ya kutoka mwaka 1954. Kitu kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuacha kazi hapo, aliendelea kufundisha mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 na katikati akatoa riwaya nyingine tatu, 1955, 1956 na 1959. Nobel ilimkuta 1983. Sasa angalia kitabu chenyewe kinahusu nini: wavulana wamebaki peke yao kisiwani, wanapiga kura, wanagawana majukumu, wanamcheka yule mnene mwenye miwani, taratibu mambo yanaharibika. Mtu ambaye hakai na wavulana wa umri huo kila siku asingejua kwamba ukatili wao unaanzia kwenye kicheko. Hilo darasa lilimpa, hakulisoma mahali.

Upande wa pili, wanaosema aache kazi, wanamleta mwandishi Stephen King. Alikuwa anafundisha Kiingereza sekondari huko Maine, Marekani, kwa dola 6,400 kwa mwaka, na mwenyewe ameeleza kwamba wiki ikiisha kichwa kilikuwa kimekauka kiasi kwamba alianza kuogopa hataandika tena. Kurasa za mwanzo za riwaya yake Carrie alizitupa kwenye takataka, mke wake ndo akaziokota akamwambia aendelee. Kitabu kikachukuliwa kwa malipo ya awali ya dola 2,500, halafu haki za toleo la jalada laini zikauzwa dola 400,000, nusu yake ikawa ya kwake, akaaga ualimu. Kitabu chenyewe kilitoka 1974. Wengi wanaishia hapo, umeona, aliacha ndo akafanikiwa. Lakini Carrie ni hadithi ya binti wa sekondari anayeonewa na wenzake, na imeandikwa na mtu aliyekuwa bado ana chaki mkononi, kwa hiyo kazi ile ile iliyokuwa inammaliza ndo ilikuwa inamlisha. Na pia hakuacha kwa matumaini, aliacha hela ikiwa imeshaonekana, hiki kipande watu wanakiruka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndo kiini chenyewe, nacho ni kusahihisha insha. Chukua mikondo miwili ya wanafunzi 40, insha 80, kila moja dakika 10 kama unasoma kweli kweli na kuandika maoni ya maana pembeni. Hiyo ni zaidi ya saa 13 kwa zoezi moja, na hujagusa azimio la kazi, andalio la somo, zamu, wala vikao. Lakini hizo saa zenyewe mi sizihofii kama ninavyohofia kinachoingia kichwani humo humo. Umesoma insha ya ishirini na kitu inayoanza "Ilikuwa asubuhi na mapema, jua lilikuwa limechomoza", ndege wanaimba, umande kwenye majani, na mwishoni kabisa kuna methali imebandikwa kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kwamba insha nzuri inafungwa. Ukitoka hapo ukafungua mswada wako sikio limejaa zile sentensi. Unaandika mstari, unausikia unafanana na wa mtoto, unafuta, unaandika mwingine, unausahihisha kabla haujaisha, manake ile kalamu nyekundu bado iko kichwani mwako. Rasimu ya kwanza inahitaji uvumilie sentensi mbovu na mwalimu siku nzima amelipwa asizivumilie. Mwalimu wa hisabati anayeandika riwaya hana mzigo huu, na kwa kweli ningekuwa namshauri kijana anayetaka vyote viwili ningemwambia asikimbilie moja kwa moja kufundisha somo la lugha kisa anapenda vitabu, afikirie kwanza.

Halafu kuna kuelezea. Mwalimu mzuri haachi kitu kikiwa na giza, anarudia, anatoa mfano, anauliza nani hajaelewa. Riwaya inataka kinyume chake, inataka umwamini msomaji, mama anafunga mlango bila kujibu na wewe usije na aya nzima ya kutuambia alikuwa na hasira. Riwaya nyingi za walimu, na nasema hivi kwa upendo kabisa kwa sababu ni wenzangu, zina msimulizi anayesimama mbele ya darasa. Mhusika anafanya kosa, aya inayofuata inatufundisha kosa lilikuwa wapi. Huo ni ugonjwa wa kazi kama mgongo wa dereva na dawa yake ni kusoma rasimu ya pili ukitafuta kitu kimoja tu, kila mahali ulipofafanua, ukate, uone kama hadithi imeanguka. Mara nyingi haianguki.

Ila darasa hilo hilo ni shule ya sikio ambayo hailipiwi ada. Soma ukurasa wa hadithi kwa sauti mbele ya vijana 40 saa nane mchana, utajua aya gani imekufa kabla hujafika mwisho wake, viti vinaanza kulia, mtu anachora daftarini, na pale penye uhai wote wananyamaza. Mhariri anaweza kukuficha kwa adabu, kijana wa miaka 15 hafichi. Mwandishi Frank McCourt alifundisha sekondari za New York karibu miaka 30, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1996 akiwa ameshastaafu, ana miaka 66. Ni kumbukumbu za maisha yake, siyo riwaya, lakini kinahusika hapa, manake watu wanagawanyika: wapo wanaosema ualimu ulimchelewesha, wapo wanaosema zile hadithi za utoto wake alizokuwa anawasimulia wanafunzi mwaka baada ya mwaka ndo zilimtengenezea sauti. Mi nakubaliana na wote wawili na sioni kama zinapingana, alilipia ile sauti kwa miaka, na si kila mtu atakuwa na uhai na nguvu ya kusubiri mpaka 66.

Kuna jambo moja linasemwa kidogo sana. Mwalimu ana mamlaka juu ya watoto wa watu na jamii inamwangalia. Euphrase Kezilahabi alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970 akaenda kufundisha, na mwaka 1971 ikatoka riwaya yake Rosa Mistika, yenye malezi ya baba mkali, ngono, kutoa mimba na kujiua. Ilizuiwa mashuleni, na baadaye ndo ikaja kuwa kitabu cha kusomwa na wanafunzi. Mwalimu anayeandika leo anajua mzazi anaweza kuja na kitabu chake mkononi kuuliza maswali, na hofu hiyo inaandika naye, inalainisha hapa na kuruka pale. Na kuna upande wa wanafunzi wenyewe: mtoto akikueleza ya nyumbani kwao amekueleza kama mwalimu. Ukibadilisha jina na kijiji bado wenzake watamjua. Hapo mi sina pande mbili, siri ya mwanafunzi haiingii kitabuni, basi.

Kwa anayeamua kubaki, nadhani kosa kubwa ni kuitegemea likizo. Riwaya ukiiacha miezi mitatu inakusahau, likizo ikifika wiki ya kwanza unalala, ya pili unasoma ulichoandika, ya tatu ndo unaanza kusikia wahusika, na shule inafungua. Maneno 300 kila siku ya kazi ni 1,500 kwa wiki, kwa wiki 40 ni 60,000, hiyo ni rasimu nzima, bila kugusa likizo hata moja. Iwe asubuhi kabla ya shule, kabla sikio halijajaa insha za watu, jioni iachie madaftari. Likizo itumie kuhariri, kazi ambayo inastahimili kichwa cha mwalimu na hata inakihitaji.

Na kwa anayetaka kuondoka, kabla ya barua ya kuacha kazi aulize kama kuna uwezekano wa kupunguziwa vipindi na mshahara upungue, mkondo mmoja badala ya miwili. Insha 40 badala ya 80 ni karibu saa saba zinazorudi kwa kila zoezi, na bado unakuwa na watu wa kukusikiliza saa nane mchana.