Akikosea wa kwetu tunamshukia kuliko wa jirani

Watu wanasemaga ushabiki wa Simba na Yanga ni kumtetea wa kwako hata akiboronga, na kweli lipo hilo, beki wetu anavuta jezi refa anaona kabisa na sisi tunaapa hajagusa mtu. Ila kuna upande wa pili hatuuongelei sana, kwamba huyohuyo wa kwetu akituaibisha tunamchukia kuliko hata yule wa upande wa pili.

Chukua ishu ya Fei Toto, yule kiungo Feisal Salum aliyekuwa Yanga. Desemba 2022 karudisha shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akisema mkataba ndo basi, kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikamwambia wewe bado mchezaji wa Yanga, na vuta nikuvute ikaenda hadi Juni 2023 Rais Samia akawaomba viongozi wa Yanga walimalize, jamaa akatua klabu ya Azam. Muda wote huo Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walewale waliokuwa wanaimba jina lake wakawa wanamwita msaliti, wakati Simba ghafla wote wamekuwa wanasheria wa haki za wachezaji! Lakini rudi 2020, winga Bernard Morrison katoka Jangwani (Yanga) kaenda Msimbazi (Simba) na mkataba una utata vilevile, Simba wanashangilia, Yanga wanapeleka kesi mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na wanashindwa, halafu 2022 huyohuyo Morrison anarudi Yanga na anapokelewa vizuri tu. Kosa ni lilelile jamani, kilichobadilika ni jezi.

Hata wataalamu wa saikolojia waliligusa hili, mwaka 1988 Marques na wenzake walichapisha utafiti wa Ubelgiji, wanafunzi wa kule walimpa Mbelgiji mwenzao mwema alama nyingi kuliko mgeni mwema, ila Mbelgiji mwenye tabia mbovu wakamshusha chini kuliko mgeni mwenye tabia hizohizo. Yaani wa kwetu mbaya anatuchafua sote, tunamkata haraka ili tusifanane naye.

Sasa je, hasira hiyo ni mbaya yote? Mi naona hapana. Mtu uliyemlea na kumwamini anakudai na wewe unamdai, huwezi kumpima sawa na mpita njia, na timu isiyokemea watu wake itajaza wachezaji wanaofanya wanavyotaka. Shida ni kwamba hasira haiangalii kosa lina uzito gani. Kiungo Clatous Chama mkataba wake na Simba uliisha 2024 akaenda Yanga, hana deni na mtu, kaitumikia Simba miaka na miaka, na bado wapo waliomwita msaliti na wengine wakagundua usiku mmoja kwamba kumbe alishazeeka. Huyo kaonewa kabisa. Fei yeye mkataba ulikuwa unaendelea, kwa hiyo kumlaumu kwa namna alivyoondoka ni haki ya mwana Yanga yeyote, ila kumkejeli mama yake mzazi kisa alisema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari akiwa Yanga, hapo hapana, mama hakusaini mkataba na klabu yoyote.