Sumu ya kundi: inapoteza zamu au inaiokoa?

Katika gemu za RPG, yaani zile unazoongoza wahusika wanaopigana na kupanda levo, uchawi unaodharauliwa sana na wachezaji wazoefu ni ule wa sumu inayowapata maadui wote kwa pamoja. Wanaufungua, wanaujaribu kidogo, halafu unabaki kwenye orodha huku wao wakiendelea na moto na radi. Hoja yao ni fupi: adui aliyekufa hapigi, lakini adui mwenye sumu mwilini anaendelea kupiga mpaka uhai wake uishe. Ni hoja nzito, na haijibiki bila hesabu.

Chukua pambano la zamu. Una maadui wanne, na kila mmoja anakupunguzia uhai 10 kila zamu. Uchawi wako wa moto unawachoma wote kwa 40 kila unapoupiga. Sumu unaipiga mara moja, kisha inawala wote kwa 20 mwishoni mwa kila zamu, wakiwa wameshashambulia. Kama kila adui ana uhai wa 80, moto mara mbili unawamaliza, nao wanapata nafasi moja tu ya kukupiga: umepoteza 40. Ukianza na sumu halafu ukapiga moto, wanaanguka mwishoni mwa zamu ya pili, wameshakupiga mara mbili. Umepoteza 80. Hapo wanaoidharau sumu wana haki kabisa.

Sasa wape maadui haohao uhai wa 240. Kwa moto pekee unahitaji zamu sita, na wanakupiga mara tano: umepoteza 200. Anza na sumu, endelea na moto, na wanaanguka zamu ya tano kabla hawajapata nafasi ya kupiga. Umepoteza 160, na umepiga moto mara nne badala ya sita, kwa hiyo hata mana, ile nguvu inayotumika kupiga uchawi, imebaki. Uchawi haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni urefu wa pambano. Ndiyo maana kadiri kikosi chako kinavyopata nguvu, ndivyo sumu inavyoonekana haina kazi: maadui wa kawaida hawaishi muda wa kutosha kuumwa nayo.

Basi itumike kwa wale wanaoishi muda mrefu, yaani mabosi, wale maadui wakubwa wa gemu? Hapa ndipo lawama yangu kubwa inapoangukia kwa watengenezaji. Katika gemu nyingi mabosi wana kinga kamili ya sumu. Anayeweza kuumwa nayo anakufa mapema, na anayeishi muda mrefu haimgusi. Mchezaji amelipia uchawi kwa pointi zake za levo, kisha mlango pekee ambao ungeupa thamani anafungiwa. Sioni kama huo ni ugumu wa haki.

Sababu ya kinga hiyo ninaielewa. Sumu nyingi hupimwa kwa sehemu ya uhai wote. Kwenye Pokémon, kwa mfano, gemu ambayo timu za viumbe waitwao Pokémon hupigana kwa zamu, sumu ya kawaida katika matoleo ya sasa hula 1/8 ya uhai wa juu kila zamu, na ile kali huanza na 1/16 na kuongezeka zamu hadi zamu. Mpe bosi mwenye uhai wa milioni moja sumu ya 1/8, na baada ya zamu nane amekwisha, hata kama kikosi kizima kimekaa kikijikinga tu.

Lakini Pokémon hiyohiyo inaonyesha sumu ya kundi inavyoweza kuheshimika. Toxic Spikes, iliyoingia na Diamond na Pearl mwaka 2006, haimpigi adui mmoja. Unaitandaza upande wa mpinzani, na kila Pokémon anayeingia akigusa ardhi anapata sumu. Ukiitandaza mara ya pili, inakuwa ile kali. Wanaoruka hawaguswi, wa chuma hawapati sumu, na Pokémon wa aina ya sumu akitua pale anaisafisha yote. Mpinzani ana majibu, ila lazima ayapangie nafasi kwenye timu yake. Kinga ipo hapa pia, lakini ina sababu inayojulikana kabla ya pambano, na haikutolewa kwa fulani kwa kuwa tu ni mkubwa.

Njia nyingine ni kufupisha muda wa sumu yenyewe. Poison Nova ya Necromancer katika Diablo II, gemu ya mwaka 2000, hutoka kwa duara kumzunguka mchawi na kumaliza kazi yake ndani ya sekunde mbili. Ukitanguliza Lower Resist kuwapunguzia maadui kinga, kundi zima linaanguka karibu kwa pamoja. Wapo watakaosema hiyo ni kama moto uliopakwa rangi ya kijani, na sitabishana nao sana.

Mimi navutiwa zaidi na sumu inayomiliki mahali. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), la 2014, Cloudkill ni uchawi wa daraja la tano: wingu lenye nusu kipenyo cha futi 20, linaloumiza kwa wastani wa 22.5. Fireball, uchawi wa mpira wa moto, ikipigwa kwa daraja hilohilo inatoa wastani wa 35. Ukiishia hapo Cloudkill imeshindwa. Lakini wingu linabaki maadamu mchawi hajapoteza umakini, hadi dakika kumi, na linaziba macho ya walio ndani. Adui akikwama humo zamu mbili ameshapita ile 35. Litupe kwenye mlango mwembamba, mwache mpiganaji wako mwenye ngao azibe njia ya kutokea, na maadui wana uchaguzi mbaya tu mbele yao. Upungufu wake nao ni wa kweli: viumbe wengi wa toleo hilo wana kinga ya sumu, hasa wafu waliofufuliwa, kwa hiyo ndani ya kaburi la kale uchawi huu hauna msaada wowote.

Kwa hiyo simlaumu anayeiacha sumu ya kundi kwenye gemu ambayo mapambano yake huisha kwa zamu mbili. Anafanya hesabu sahihi. Ninachokitaka kwa watengenezaji ni kuiondoa kinga ya jumla ya mabosi na kuweka kikomo badala yake: sumu imle bosi kwa kiasi maalumu kila zamu, si kwa sehemu ya uhai wake wote. Kiasi hicho kionekane kwenye skrini tangu zamu ya kwanza, ili mchezaji aamue mwenyewe kama zamu anayoitoa inalipa.