Mhitimu wa mipangomiji na Sh150,000 za urasimishaji

Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi za Afisa Mipangomiji Daraja la II, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Mipango Dodoma hayalali. Nafasi ni ngapi? Usaili lini? Nani ana maswali ya mwaka jana? Humo wamo pia vijana ambao tayari wana kazi. Wako kwenye kampuni za urasimishaji, zile zinazopanga na kupima mitaa iliyokwisha kujengwa kiholela ili wenye nyumba wapate hati. Wanazunguka Kimara au Chanika jijini Dar es Salaam na ramani mkononi, na wanaomba kama wengine huku wakiona haya kidogo, maana wenzao wamekwisha kuwaambia kwamba wanachofanya si mipangomiji. Ni kuchora skwota.

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, hata kwa watu waliobobea, na kila mara inanikera. Hata hivyo, wanaoitoa wana hoja.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 imeikabidhi halmashauri mamlaka ya upangaji. Kampuni hata ichore vizuri namna gani, mchoro wake utapita mezani kwa afisa wa umma. Afisa huyo ana mshahara wa uhakika, ana bima ya afya na pensheni, na benki inamkopesha bila kumhoji sana. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na nyingi zina vijiji vinavyogeuka miji kandokando ya barabara kuu. Afisa aliye macho anaweza kutenga eneo la shule, soko na makaburi pale kabla nyumba ya kwanza haijajengwa. Nafasi ya namna hiyo mtu wa kampuni haipati kirahisi.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Urasimishaji unaikuta nyumba imesimama na unaichora ilipo. Kijana akishinda miaka mitatu akifuata kuta za watu, lini atajifunza kupanga mtaa mpya? Barabara anaibana hadi mita nne au tatu, uwanja wa watoto haupo, zahanati haina pa kukaa. Tena wapo wanaoona kwamba kumpa hati aliyejenga kiholela ni kumkaribisha mwingine afanye vivyo hivyo. Hayo yote nayakubali kwa kiasi.

Lakini tuitazame Dar es Salaam yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi. Tukiweka wanne kwa kila kaya, tunapata kaya mpya zaidi ya 250,000. Toa wapangaji, toa waliorithi chumba kwa mjomba, bado zinabaki nyingi mno. Sasa kumbuka mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, ule uliozaa Kibada, Tuangoma, Bunju na Mbweni Mpiji. Ulikuwa mradi mkubwa kwelikweli, na bado tunauzungumzia. Jina lake lenyewe linaonyesha ukubwa wa pengo. Kwa makadirio yaliyozoeleka, zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wako kwenye makazi yasiyopangwa. Taaluma ikisema kazi ya huko si kazi yake, imebakiza robo ya jiji.

Na kazi yenyewe ni ngumu. Fikiria kikao cha mtaa huko Kimara, chini ya mwembe: mjumbe yupo, kamati ya urasimishaji ipo, na binti wa miaka 24 anamwomba mzee amege uzio wake mita moja na nusu, bila fidia. "Shikamoo mzee wangu. Njia ikibaki hivi, gari la wagonjwa litaishia kwa jirani yako, na wewe utabebwa kwa kitanda." Mzee anakataa. Binti anarudi Jumamosi, anarudi tena Jumapili baada ya misa. Chuoni alifundishwa upana wa barabara. Namna ya kuupata upana huo kwa mtu aliyejenga uzio wake tofali kwa tofali kwa miaka kumi, hakuna studio iliyomfundisha.

Tatizo ninaloliona liko kwenye malipo. Wakati wa Waziri wa Ardhi William Lukuvi, wizara ilitangaza kwamba mchango wa mwananchi usizidi Sh150,000 kwa kiwanja. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa kampuni zilikuwa zinatoza kila moja kivyake. Hebu tuifuate fedha hiyo. Mtaa una viwanja 1,000, kwa hiyo kwenye karatasi kuna Sh150 milioni. Wenye nyumba wanachangia kupitia akaunti ya kamati, na tuseme nusu wanalipa. Zinapatikana milioni 75. Mpimaji anaweza kusema asiyelipa hapandiwi bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, akaendelea na waliolipa. Mpanga miji hana njia hiyo. Barabara haiwezi kuruka nyumba ya asiyechangia, wala mchoro hauidhinishwi ukiwa na matundu. Inambidi aupange mtaa mzima kwa fedha ya nusu mtaa. Kampuni inapobana matumizi, vikao ndivyo vinavyopunguzwa kwanza, na mshahara wa yule binti unacheleweshwa. Hapo ndipo barabara ya mita sita inapogeuka ya mita tatu, kwa sababu hakuna aliyelipwa kurudi kwa mzee mara ya nne.

Mwananchi naye amedhulumiwa, hilo tusilifunike. Ipo mitaa ambako watu walichanga, wakaona vijana wenye vifaa wiki mbili, kisha kimya, na hati hadi leo hawazijui. Wizara imewahi kuzikaripia kampuni hadharani kwa hilo, na kuna zilizostahili. Ila si kila aliyekwama alikula fedha. Kuna waliofikia katikati ya mto fedha ikaisha.

Kwa mhitimu, hasara ina sura nyingine pia. Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji Na. 7 ya 2007 iliweka bodi, na kufikia usajili kunadai uzoefu wa kazi na mtaalamu wa kukusimamia. Aliyekosa ajira ya serikali ataupata wapi, kama si kwenye kampuni hizi? Kuuza viwanja vya Kigamboni kwa mkopo kunamlipia kodi ya chumba, lakini ni kazi ya masoko. Kazi ya ramani za kidijitali ni nzuri, na wanafunzi walioshiriki mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 kuchora mitaa inayofurika kama Tandale walitoka na ujuzi wa kweli, ila miradi ya wafadhili ina mwisho. Kampuni za urasimishaji zikifa, ngazi ya kupandia inaondoka nazo.

Kwa maoni yangu gharama hizi zitenganishwe. Upangaji wa mtaa ni kazi ya umma kwa sababu barabara ni ya wote, waliochanga na wasiochanga, basi halmashauri iigharimie, na mwananchi achangie upimaji wa kiwanja chake na hati yake. Halmashauri zitasema hazina fungu. Lakini mtaa uliopangwa na kumilikishwa huzaa kodi ya pango la ardhi mwaka hadi mwaka, na mtaa usiojulikana mipaka yake hauzai kitu.

Na binti wa Kimara akiitwa kazini huko halmashauri, aende, tena aende mapema. Siku kampuni itakapomletea mchoro wenye barabara iliyonyooka kama rula katikati ya nyumba za watu, ataomba kwanza muhtasari wa kikao cha mtaa na saini za wenye uzio.