Glukosamini, Kolajeni na Goti la Mkimbiaji

Mkimbiaji akilalamika mbele ya wenzake kwamba goti linamuuma, hapiti muda kabla hajatajiwa kirutubisho. Mmoja atamshauri glukosamini, mwingine kondroitini, mwingine unga wa kolajeni, protini inayojenga kano na gegedu, wa kukoroga katika maji, na siku hizi yupo pia wa kumsifia manjano iliyotiwa ndani ya kapuli pamoja na pilipili manga. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, tena mara nyingi na mtu ambaye mwenyewe anavitumia na anaamini vimemfaa. Pamoja na hayo, msimamo wangu ni kwamba mkimbiaji mwenye viungo vizima hana sababu ya kununua glukosamini wala kondroitini, na kwamba mwenye maumivu ana haki ya kuelezwa mapema kuwa maumivu yake, kwa kawaida, hayatoki mahali ambapo vidonge hivyo vinadaiwa kufanya kazi.

Hoja inayoviuza ni nyepesi kueleweka, na ndiyo maana ina nguvu. Glukosamini na kondroitini ni vitu ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza na kuvitumia katika kujenga gegedu, ile tishu laini na imara inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Basi, husemwa, gegedu likichakaa, upe mwili malighafi nao utalikarabati. Lakini kinachomezwa hakiendi moja kwa moja mahali mnunuzi anapotaka kiende: humeng'enywa, hupita kwenye ini, husambaa mwili mzima, na kinachofika kwenye kiungo ni kidogo. Tena gegedu la mtu mzima hujijenga upya polepole mno, na hakuna ushahidi kwamba huchakaa kwa sababu chakula kimepungukiwa na glukosamini.

Nadharia ikiwa na walakini, kinachobaki ni kuangalia walioimeza. Utafiti unaostahili kusomwa kwa makini ni ule uitwao GAIT, uliogharimiwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 1,583 waliokuwa na maumivu ya goti yatokanayo na kuchakaa kwa gegedu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 5. Kundi moja lilipewa glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, jingine kondroitini miligramu 1,200, jingine vyote viwili kwa pamoja, jingine dawa ya maumivu iitwayo celecoxib, na la mwisho lilipewa kidonge kisichokuwa na dawa yoyote ndani yake. Nafuu ilihesabiwa pale maumivu yalipopungua kwa angalau asilimia 20. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu hiyo kwa kumeza glukosamini pamoja na kondroitini walikuwa asilimia 66.6, ilhali waliomeza kidonge kitupu walikuwa asilimia 60.1, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kwamba haikutokea kwa bahati tu.

Hiyo asilimia 60.1 ndiyo ningependa kila mkimbiaji aitazame kwa utulivu. Watu 6 katika kila 10 walipata nafuu ya kweli, waliyoihisi wenyewe katika magoti yao, kwa kumeza kidonge kitupu. Hawakudanganya wala hawakuwa wajinga. Maumivu ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kutafuta tiba pale yanapokuwa yamepanda kabisa, kwa hiyo lolote atakalolifanya siku hiyo lina nafasi kubwa ya kufuatiwa na nafuu. Kwa mkimbiaji jambo hili huwa zito zaidi, kwa kuwa wiki anayofungua chupa ya vidonge ndiyo hiyo hiyo anayopunguza kilomita, anayobadilisha viatu na anayoahirisha mazoezi ya kasi. Mwezi mmoja baadaye goti limetulia, na sifa yote inakwenda kwenye chupa.

Haki inadai niseme pia kile ambacho watetezi wa vidonge hivi hukitaja. Ndani ya utafiti huo huo, miongoni mwa wachache waliokuwa na maumivu ya wastani hadi makali, asilimia 79.2 ya waliotumia mchanganyiko walipata nafuu, dhidi ya asilimia 54.3 ya waliomeza kidonge kitupu. Ni tofauti kubwa, lakini kundi lenyewe lilikuwa dogo, na sehemu ya utafiti iliyoendelea kwa miaka 2, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2010, haikupata tofauti yenye maana kati ya vidonge hivi na kidonge kitupu. Mwaka huo huo jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 10 yenye wagonjwa 3,803, nao ukahitimisha kwamba glukosamini, kondroitini au vyote viwili havipunguzi maumivu kwa kiasi ambacho mgonjwa angekihisi. Katika mwongozo wake wa 2019, chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani, American College of Rheumatology, kilishauri kwa msisitizo glukosamini isitumike kwa goti wala nyonga. Huko Ulaya wapo wataalamu wanaoendelea kuipendekeza glukosamini ya aina maalumu inayotolewa kwa cheti cha daktari, na sitaki kuwapuuza. Hata hivyo wao wanamzungumzia mgonjwa ambaye gegedu lake limeshachakaa, na si kijana wa miaka 30 anayejiandaa kwa nusu marathoni.

Nadhani kinachowafanya wakimbiaji wengi wawe wateja wepesi wa bidhaa hizi ni hofu ya zamani kwamba kukimbia kunamaliza magoti. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa takwimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, ukiunganisha tafiti nyingi, ulikuta kuchakaa kwa gegedu la goti au nyonga katika asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujiburudisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano. Takwimu za aina hii hazithibitishi kwamba kukimbia ndiko kulikowakinga wale wa kwanza, kwa sababu mwenye goti bovu huacha kukimbia mapema na kuhesabiwa upande wa pili. Lakini zinatosha kabisa kuondoa dhana kwamba kila hatua ya mkimbiaji wa kawaida inakula akiba isiyorudi.

Maumbile ya gegedu lenyewe yanaeleza sehemu ya jambo hili. Halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiwa, kama sifongo inavyofanya mkononi. Picha zinazopigwa baada ya mtu kukimbia huonyesha gegedu la goti limepungua unene kidogo, kisha baada ya saa kadhaa za kupumzika linarejea lilivyokuwa. Kwa maneno mengine, mzigo wa kadiri ndio njia ambayo gegedu hupata chakula chake, na mtu anayeacha kutembea na kukimbia kwa kuhofia magoti, huku akimeza kidonge cha kuyalinda, anakosa kile ambacho gegedu linakihitaji zaidi.

Ninarudi kwenye hoja yangu ya msingi, kwamba maumivu ya mkimbiaji kwa kawaida hayatoki kwenye gegedu lililochakaa. Tazama yale yanayowasimamisha watu mazoezi: maumivu ya mbele ya goti kuizunguka pia yake, maumivu ya upande wa nje wa goti, maumivu ya muundi, kano ya kisigino iliyokakamaa asubuhi, unyayo unaochoma hatua ya kwanza kutoka kitandani, na ufa wa mfupa kwa aliyezidisha. Mengi ya haya ni malalamiko ya kano, misuli na mifupa iliyobebeshwa mzigo kwa haraka kuliko ilivyoweza kuuzoea. Glukosamini, hata kama ingefanya yote inayosifiwa nayo, ingekuwa inajenga nyumba ambayo haikubomoka.

Dawa ya kano ya kisigino, kwa mfano, inajulikana vizuri na haiuzwi kwenye chupa. Mkimbiaji husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, kisigino kikiwa kinaning'inia hewani. Hujiinua kwa miguu yote miwili, huhamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha hushuka nao polepole hadi kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi, na kurudia. Utaratibu uliochapishwa na mtafiti Alfredson na wenzake nchini Sweden mwaka 1998 unataka mizunguko 3 ya mara 15 goti likiwa limenyooka, na mizunguko mingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hesabu hiyo inafika mara 180 kwa siku. Ni kazi ya kuchosha na mwanzoni inauma, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu angependelea kapuli mbili baada ya chai. Kwa maumivu ya mbele ya goti nafasi hiyo inachukuliwa na mazoezi ya kuimarisha paja na nyonga, pamoja na kufupisha hatua kidogo ili miguu iguse chini mara nyingi zaidi kwa dakika.

Kolajeni naiweka kando na vingine, kwa sababu hapo ningesema mlango haujafungwa. Jaribio la mwaka 2017 liliwapa wanaume 8 wenye afya jelatini, ambayo hutokana na kolajeni, pamoja na vitamini C saa 1 kabla ya kuruka kamba kwa dakika 6, na waliopewa gramu 15 walionyesha katika damu yao dalili ya utengenezaji wa kolajeni iliyoongezeka takribani maradufu. Wazo la kuipata malighafi kabla tu ya kukipa kiungo kazi lina mantiki. Hata hivyo watu 8 ni wachache, na kipimo cha damu hakisemi kama kano ya mtu imepona. Anayetaka kuijaribu aijaribu, mradi ngazi na kisigino vibaki kwenye ratiba.

Huwa husemwa kwamba hata kama havisaidii, havidhuru. Kwa watu wengi ni kweli, lakini si kwa wote. Glukosamini inaweza kuzidisha nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na nyingi yake hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa, jambo ambalo mwenye mzio wa viumbe hao anapaswa kulijua kabla ya kufungua chupa. Kapuli za manjano zilizoongezewa nguvu zimehusishwa na visa vya madhara ya ini. Aidha, nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwa serikali kwamba kirutubisho chake kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Kwa mwanariadha anayepimwa dawa zilizopigwa marufuku hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kanuni humhesabu yeye kuwa ndiye mwenye dhamana ya kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kikitokana na kidonge kilichochafuliwa kiwandani.

Kwa anayevitumia tayari na anaamini vinamsaidia, sina haja ya kubishana naye. Namwomba tu aache kumeza kwa miezi 2 huku kilomita, kasi, viatu na mazoezi ya nguvu vikibaki vile vile, na kila jioni aandike maumivu yake kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Yakipanda na kubaki juu, ataendelea na vidonge akiwa na sababu yake mwenyewe mkononi. Yasipopanda, fedha hizo zitamlipia vikao kadhaa vya mtaalamu wa tiba ya viungo, atakayemtazama anavyokimbia na kumwonyesha ni mahali gani panapohitaji kuimarishwa.