Rafu ya Vitabu kwa Mtoto Ambaye Bado Hatujamjua

Katika familia nyingi za hapa Dar es Salaam, mjamzito huonywa asinunue nguo za mtoto mapema, na onyo hilo limetufuata hata sisi tunaosubiri kuasili. Mama mkwe wangu, kwa nia njema kabisa, alitushauri tusiingize kitu chochote cha mtoto nyumbani mpaka mahakama iseme neno lake. Kuhusu kitanda na nguo nakubaliana naye, ingawa sababu zangu si zake: vitu hivyo hununuliwa kwa kipimo, nasi hatuna kipimo cha mtu yeyote. Kuhusu vitabu simfuati. Naamini kwamba kitabu ndicho kitu cha mtoto ambacho mzazi anayesubiri anaweza kukinunua leo bila kumkisia mtoto mwenyewe, mradi akichague kwa akili.

Kwa bahati mbaya, wengi wetu tunamkisia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Afisa ustawi wa jamii huchunguza hali ya nyumba na ya wanaoishi humo. Na mtoto huishi kwanza na familia kwa malezi ya kambo kabla Mahakama Kuu haijatoa amri ya kuasili. Katika mlolongo huo wote hakuna karatasi inayotaja siku ambayo mtoto atafika, wala inayohakikisha kuwa atakuwa wa umri uliouomba. Mtu anaweza kuwa ameeleza kwamba angependa mtoto wa chini ya miaka miwili, akapigiwa simu kuhusu mtoto wa miaka minne, na akajikuta ameitikia kabla hajakata simu. Rafu iliyojaa vitabu vya kitambaa haitamfaa huyo wa miaka minne, ambaye atataka kujua fisi alipatwa na nini na kwa nini sungura hakuadhibiwa. Ndiyo maana nanunua kwa upana wa umri: vichache vyenye kurasa nene za kutafunwa, vingi vya hadithi fupi zenye picha kubwa, na vichache vya mtoto aliyeanza kujisomea. Akija mchanga, vya wakubwa vitamsubiri, ilimradi tuvilinde dhidi ya mchwa na unyevu wa mji huu.

Suala la lugha lazima lizungumzwe wazi. Marafiki wakisikia unakusanya vitabu vya watoto watakuletea vya Kiingereza, vyenye majalada magumu na picha za theluji. Vipokelewe kwa shukrani, lakini visiachwe vitawale rafu. Mtoto anayetoka kwenye makao ya watoto ya hapa nchini kwa kawaida amelelewa kwa Kiswahili, na katika wiki za mwanzo, wakati kila kitu kingine kwake ni kigeni, kuanzia harufu ya mashuka hadi mlio wa mlango, lugha itakuwa miongoni mwa vitu vichache alivyokuja navyo. Vitabu vya Kiswahili vipo, ila lazima uvitafute. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliwasaidia wachapishaji wa Tanzania kutoa hadithi nyingi za watoto, na baadhi yake nimezipata kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Mkuki na Nyota, shirika lililoanzishwa na Walter Bgoya mwaka huohuo, nalo huchapisha vitabu vya watoto, na duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) katika Barabara ya Samora ni mahali pazuri pa kuanzia. Vingi ni vyembamba, vimebanwa kwa pini katikati, na havisimami vyenyewe rafuni. Mimi nimeviweka kwenye kikapu, majalada yakitazama mbele, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Mwenye fedha kidogo asikate tamaa: African Storybook, mradi uliozaliwa Afrika Kusini, hutoa bure kwenye intaneti hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inaruhusu kuzichapa. Steshenari yoyote ya mtaani itakufanyia kazi hiyo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hadithi za mama wa kambo. Ukikusanya ngano zetu kwa uaminifu huwezi kumkwepa: anamnyima yatima chakula, anamtuma kuteka maji palipo na zimwi, na mwishowe anaumbuka. Wapo wanaoona kwamba ngano hizo ziondolewe kabisa katika nyumba inayoasili. Sikubaliani nao. Ngano ya namna hiyo husimama upande wa yatima tangu mwanzo hadi mwisho. Ni yeye mwenye akili, ni yeye mwenye huruma, na ndiye anayeshinda. Mtoto aliyewahi kuachwa anaijua hofu hiyo kabla hatujamsomea neno, na ni afadhali aikute hadithini, mahali inapoweza kuulizwa maswali, kuliko aibebe peke yake. Nitasubiri tu mpaka atuzoee ndipo niisome.

Ninachokikataa ni kitu kingine, nacho huchapwa kwa nia njema: hadithi ya mtoto aliyeokotwa, akalelewa na watu wema, kisha funzo lote likawa kwamba sharti awalipe fadhila. Kitabu hicho humtwisha mtoto deni ambalo hakulikopa. Hakitaingia kwangu hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani. Vitabu vya kigeni vinavyozungumzia kuasili moja kwa moja nimevipunguza pia, kwa kuwa katika vingi nilivyoviona wazazi hupanda ndege kwenda kumchukua mtoto nchi ya mbali, jambo lisilohusiana na maisha ya hapa. Mtoto wetu atafaidika zaidi na hadithi ambazo ndani yake mtu analelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa, na hakuna anayeshangaa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu.

Wakati huu wa kusubiri unafaa pia kwa kujifunza kusoma kwa sauti, kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Wapwa zangu wamekubali kufanyiwa majaribio, na wakichoka hunikatiza kwa kudai "Paukwa!" ili waanze yao.

Mtoto akishatajwa, swali langu la kwanza kwa walezi wa makao litakuwa ni hadithi gani na wimbo gani anaoupenda. Kama kuna kitabu anachokishikilia, nitatafuta nakala nyingine ya kitabu hichohicho, maana ile ya makao ni ya wenzake wanaobaki.

Kilichobaki ni daftari tupu lenye jalada gumu, ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya mkusanyo huu na pengine ndilo lenye thamani kuliko vyote. Hapa nadhani tunaoasili tuna la kujifunza kwa Waislamu wanaomlea mtoto kwa kafala, yaani kwa dhamana ya malezi, kwa kuwa wao hawambadilishii nasaba, na asili yake haifutwi kwa sababu amehamia nyumba nyingine. Kurasa za mwanzo za daftari si zetu. Tutaziandika kwa yale tutakayoelezwa na makao na afisa ustawi, tukitaja nani ametueleza, na yasiyojulikana tutayaandika hivyohivyo, kwamba hayajulikani. Litakaa kwenye kikapu kilekile na hadithi nyingine, chini, mahali ambapo mkono wake unafika bila kutuomba ruhusa.