Redio ya Jana Masikioni

Jirani yangu wa mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, huacha kompyuta ikifanya kazi usiku, umeme ukiwapo. Programu ya VLC inanasa redio ya intaneti, asubuhi faili la MP3 linaingia kwenye kadi ya kichezeo chake kidogo cha kusikilizia, naye anateremka mtaa wa Nyawera akisikiliza. Watu humcheka: redio iko hewani, ya nini kuianika kama sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu?

Wanaomcheka hutaja gharama, na hapo wanakosea nusu. Redio inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, uisikilize papo hapo au uirekodi. Kurekodi kwenyewe hakuokoi hata mega moja. Ila ukirekodi penye intaneti nafuu, kisha faili hilohilo wakalinakili watu watano wa nyumbani, hesabu inageuka. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 270 za namna hiyo. Utachoka wewe kabla haijajaa.

Hoja ambayo wangepaswa kuishika ni ya habari. Mtangazaji akisema "leo asubuhi barabara imefungwa", faili halijui leo ni ipi. Katika mji kama Bukavu, mtu anayesikia jambo hilo kesho yake na kulipeleka sokoni kama jipya anaweza kuwatia wenzake hofu bure, au kuwaondolea hofu waliyoihitaji. Kwa habari, mimi ni wa FM. Radio Maendeleo imo mjini tangu 1993, Radio Okapi ilianza 2002, na kuzisikia hewani hakudai mega: kiredio cha betri kinatosha. Tena kiredio cha dirishani husikilizwa na kiwanja kizima. Mama anayemenya mihogo anabishana na mtangazaji, jirani anamjibu kutoka ng'ambo ya ua. Mwenye vitu masikioni hayumo katika ubishi huo, wala hawezi kupiga simu kwenye kipindi kilichokwisha jana.

Lakini mjadala wa saa nzima, somo la lugha, mahojiano na mzee wa historia, hayo hayaozi. Panda boti ya Goma uone: katikati ya ziwa mtandao unakatika, mwenye simu analalamika, mwenye faili anaendelea. Na akipitwa na neno, anarudi nyuma dakika mbili. Redio ya hewani haimngojei mtu.

Vituo vingi siku hizi huweka vipindi vyao tayari kwenye intaneti, na pale kipindi kinapopatikana, kurekodi ni kazi bure. Kumwuzia mtu kadi iliyojaa vipindi na nyimbo za wengine ni jambo jingine kabisa, hata kama mezani pa muuzaji linaonekana dogo.

Kinachobaki kwa mrekodi ni kituo kisichohifadhi chochote, na hapo tatizo ni saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, Dar es Salaam iko mbele kwa saa moja. Kipindi cha saa tatu usiku huko Dar huanza kwetu saa mbili. Mimi nilipanga saa tatu, nikaamka na saa nzima ya matangazo ya sabuni, safi kabisa, bila kukatika hata mara moja.